SOMO LETU: Mguu Uliolala

Ndugu wasomaji, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa nne, tunapata habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Habari mbaya za vita zilipofika nyumbani, mlezi wake alimbeba akakimbia ili amwokoe, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Wengi wetu huisoma habari hii na kupita. Lakini mama aliye na mtoto aliyeumia mguu hapiti upesi. Humtazama yule mlezi, akajiona mwenyewe. Kwa maana yule mlezi hakuwa mtu mbaya. Mtoto aliumia mikononi mwa mtu aliyekuwa akimwokoa.

Jambo la namna hiyo hutokea hata kwetu. Mtoto ana homa kali, mama anakimbia naye kutafuta sindano, homa inapona, lakini mguu unalala. Katika somo hili tutajifunza kwa nini hutokea, na hasa yatupasa kufanya nini nyumbani katika miezi inayofuata. Tutaona kwamba mguu hauokolewi siku moja. Huokolewa katika ile miezi ambayo hakuna kinachoonekana.

1. TUCHUKUE MFANO

Tuseme iko familia inayolima vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mahali penye joto na mbu kuliko Karatu mjini. Mtoto wao ana miaka minne. Usiku anashikwa na homa. Asubuhi mama anampeleka mahali pa karibu, naye anachomwa sindano takoni. Papo hapo mtoto analia kilio kisicho cha kawaida. Maumivu yanashuka mguuni kama moto. Jioni akisimama, unyayo unaning'inia. Akitembea, vidole vinaburuta chini, naye hunyanyua goti juu kama mtu anayevuka matope.

Sasa nyumbani maneno ni mengi. Bibi asema mtoto ametupiwa jicho. Jirani asema achanjwe chale. Mwingine asema achuliwe kwa nguvu na mafuta ya moto, au achomwe kwa chuma. Baba amwuliza mama, "Nani alikutuma umpeleke kule?" Mama ananyamaza, kwa sababu swali hilo amejiuliza mwenyewe tangu jana.

Basi neno la kwanza la somo letu ni hili: lawama haiponyi mguu. Mama alifanya lililompasa, kwani homa ya malaria huua. Tuache kutafuta mkosaji nyumbani, tuanze kazi.

2. MSHIPA WA FAHAMU NI KITU GANI?

Mwilini tuna mishipa ya damu, na tuna mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Hupeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli, na hurudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini hupita takoni, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika matawi mawili makubwa. Tawi moja huzunguka upande wa nje, chini kidogo ya goti, na hapo hupita juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi. Tawi hilo ndilo linalonyanyua unyayo na vidole. Likiumia, unyayo huning'inia.

Mshipa huu waweza kuumia kwa njia nyingi: sindano iliyochomwa takoni, mfupa uliovunjika, nyonga iliyoteguka, pigo au jeraha la panga nje ya goti, au plasta na mabanzi yaliyofungwa kwa kukaza mno. Kwa mtoto mdogo hatari ya sindano ya takoni ni kubwa, maana tako lake lina nyama chache, na mshipa hauko mbali na ncha ya sindano. Tena si sindano yenyewe tu inayodhuru, bali pia dawa. Kwinini, kwa mfano, ni dawa kali yenye asidi. Ikimwagwa karibu na mshipa, huuchoma. Ndiyo maana katika Afrika Mashariki madaktari wa mifupa wamewaona watoto wengi walioumia kwa njia hii, nchini Uganda hasa.

Kuumia kwa mshipa ni kwa namna tatu. Kwanza, mshipa umepondeka tu. Huo huamka baada ya siku au majuma. Pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ala yake ya nje ni nzima. Huo huota tena polepole ndani ya ala yake. Tatu, mshipa umekatika kabisa au umezibwa na kovu. Huo huhitaji daktari wa upasuaji. Kwa macho ya nyumbani hatuwezi kuzitofautisha namna hizi siku ya kwanza. Kwa hiyo mtoto lazima apimwe, tena apimwe zaidi ya mara moja.

3. SIKU ZA KWANZA

Mpeleke mtoto hospitali bila kungoja mguu uamke wenyewe. Karatu kuna Hospitali ya Kilutheri, na kuna hospitali ya FAME. Mzazi wa upande wa Endulen, ambako Kanisa Katoliki lilijenga hospitali miaka mingi iliyopita, aulize kwanza ni huduma gani zinazopatikana huko sasa, asije akapoteza nauli na siku.

Mweleze mganga mambo manne: siku udhaifu ulipoanza, kama ulianza mara baada ya sindano au siku kadhaa baadaye, kama mtoto ana homa, na kama ni mguu mmoja au yote miwili. Nenda mbio, usingoje kesho, ukiona udhaifu unapanda juu au unaingia mguu wa pili, mtoto hawezi kukojoa, anapumua kwa shida, au mahali pa sindano panavimba na kuwa pa moto.

Wahudumu wa afya waweza kuomba choo kikubwa cha mtoto mara mbili. Msishangae wala msikatae. Mtoto ye yote aliye chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafula, hutakiwa apimwe polio, na choo hicho ni vema kipatikane katika siku 14 za mwanzo. Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imeondokana na polio ya asili, lakini virusi vya polio vimeweza kurudi katika nchi jirani baada ya hapo, kwa hiyo ulinzi haujaisha. Kupima huko si shitaka juu ya familia, ni ulinzi wa watoto wa kijiji kizima.

4. HESABU YA MILIMITA MOJA

Hapa ndipo somo letu lilipo. Mshipa wa fahamu ulioumia huota kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Milimita moja ni kama unene wa ukucha. Kwa mwezi ni sentimita tatu hivi, pungufu kidogo.

Sasa tupige hesabu ya mtoto wetu. Kutoka mahali pa sindano takoni mpaka kwenye misuli iliyo chini ya goti, ambayo hunyanyua unyayo, tuseme ni sentimita 25. Hizo ni milimita 250, yaani siku 250. Ni miezi minane na zaidi kabla amri ya kwanza haijaufikia msuli ule. Na msuli ukishapata amri, huhitaji tena muda wa kupata nguvu.

Mkulima wa Rhotia au Mbulumbulu anaielewa habari hii. Ukipanda mbegu, hufukui kila asubuhi kuona kama imeota. Lakini pia hulali. Unapalilia, unafukuza ndege. Vivyo hivyo mguu. Kungoja si kukaa bure.

Kwa maana kuna jambo jingine linaloendelea wakati mshipa unaota. Unyayo ukining'inia mchana na usiku, ukano wa nyuma ya kisigino hujikunja na kuwa mfupi. Baada ya miezi kadhaa mguu hushikana ukielekea chini, kama mguu wa mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Ndipo mshipa unapofika mwishoni mwa safari yake na kukuta mlango umefungwa. Msuli waamka, lakini kifundo hakikunjiki. Mtoto huyo sasa atahitaji kufungwa plasta au kupasuliwa kwa jambo ambalo mama angeweza kulizuia kwa mikono yake.

5. KAZI YA NYUMBANI

Kazi hii si ngumu, wala haina gharama kubwa. Lakini ni ya kila siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha namna ifaayo kwa mtoto wako. Haya ni ya kukumbuka.

(a) Kunyoosha. Mlaze mtoto chali, goti limenyooka. Kwa mkono mmoja shika kisigino chake, unyayo ulale juu ya kigasha cha mkono wako. Vuta kisigino, na pole pole usukume unyayo kuelekea juu mpaka usikie ukano wa nyuma umekaza. Hapo simama, usilazimishe mpaka mtoto alie. Hesabu moja mpaka ishirini bila haraka, kisha legeza. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Ni vema kuifanya baada ya kuoga, mwili ukiwa na joto. Mfundishe mtoto kuhesabu pamoja nawe. Atajua hesabu kabla ya kwenda shule.

(b) Banzi la usiku. Hospitali yaweza kumtengenezea banzi lenye umbo la herufi L, la kushika unyayo usilale. Mikanda isikaze nje ya goti, pale mshipa ulipo karibu na ngozi. Kila asubuhi litoe, utazame ngozi. Ukiona alama nyekundu isiyofutika kwa nusu saa, lirudishe likarekebishwe kabla halijaleta kidonda.

(c) Michezo. Mtoto wa miaka minne hafanyi mazoezi, hucheza. Mwache aruke kijiti kilicholazwa chini, apige mpira wa matambara, apande kilima, achuchumae na kuinuka. Vidole vikianza kuamka, mpe mawe madogo ayaokote kwa vidole vya mguu. Msimbebe siku zote kwa huruma. Mguu unaobebwa siku zote husahau kazi yake.

(d) Kuulinda unyayo. Mguu uliolala mara nyingi umekufa ganzi. Mtoto aweza kukanyaga mwiba wa mgunga au kaa la moto na asilie. Avae viatu vinavyofunika vidole; katambuga ni bora kuliko kutembea peku, lakini huacha vidole wazi, navyo ndivyo vinavyoburuta. Asilale karibu na mafiga, hasa upande wa Ngorongoro ambako baridi ya usiku hutusogeza sote kwenye moto. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono wa mama, si kwa mguu wa mtoto. Kila jioni mtazame unyayo wote kwa taa, na katikati ya vidole pia.

(e) Maumivu. Watoto wengine hupata maumivu ya kuchoma kama pilipili, hata nguo ikigusa tu. Huo si utundu wala deko. Mwambie mganga, kwa kuwa ziko dawa za maumivu ya namna hiyo.

(f) Chakula. Maharage, maziwa, mayai na mboga za majani humjenga mtoto. Hakuna dawa ya dukani iharakishayo mshipa kuota kwa mtoto anayekula vizuri, kwa hiyo msiuze mbuzi kwa ajili ya chupa za vitamini. Hiyo fedha iwe nauli ya kurudi hospitali.

(g) Mambo ya kuepuka. Chale huleta usaha. Chuma cha moto huunguza ngozi isiyosikia. Kuchua kwa nguvu huumiza. Na sindano nyingine isichomwe tena takoni, upande wo wote.

6. MWEZI WA TATU

Juma la kwanza nyumba nzima husaidia. Mwezi wa kwanza mama na bibi bado wanahesabu pamoja. Lakini mwezi wa tatu hufika, na mguu uko vile vile. Ni msimu wa kupalilia, maji ni mbali, mtoto mwingine anaumwa. Hapo ndipo watu husema, "Tumejaribu, haikuwezekana," nalo banzi likatupwa juu ya dari.

Ndugu msomaji, ikumbuke hesabu yetu. Katika mwezi wa tatu mshipa wa mtoto wetu umekwenda sentimita tisa hivi. Bado uko pajani. Hauonekani, lakini huenda uko njiani. Kuacha sasa ni kuliacha shamba kabla mbegu haijatokeza.

Ili mpate moyo, wekeni daftari. Mara moja kwa mwezi, tuseme Jumapili ya kwanza, baba aandike: Je, kifundo chakunjika hadi wapi? Mtoto asikia mguso mpaka wapi? Aweza kutikisa dole gumba? Mara nyingi dalili ya kwanza si nguvu bali mchonyoto, kama sisimizi wanatembea ndani ya mguu. Mtoto akilalamika hivyo, msihuzunike, mwambieni mganga. Kwa kawaida misuli ya juu huamka kwanza, ya unyayo mwisho.

Tena daftari hilo litamsaidia daktari. Kama baada ya miezi mitatu hadi sita hakuna dalili yo yote, msikae nyumbani mkingoja mwaka upite. Mtoto aonwe na daktari wa upasuaji, maana msuli uliokaa muda mrefu mno bila mshipa hukonda na kushindwa kuamka. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina madaktari wa mifupa, na tangu mwaka 1981 pana chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia miguu. Arusha kuna nyumba iitwayo The Plaster House, ambayo tangu mwaka 2008 huwatunza watoto wa mikoa ya kaskazini wanaongoja upasuaji wa miguu au wanaopona baada yake.

Wapo watoto ambao mguu haurudi wote. Ni kweli, na si vema kuificha. Lakini hata hao, mtoto mwenye kifundo kilicholegea vizuri na kifaa cha kushikilia unyayo ndani ya kiatu hutembea mpaka shule. Mwenye kifundo kilichoshikana hubaki nyuma. Kwa hiyo kazi ya mama haipotei kamwe.

7. KUZUIA

Wengi wetu bado twaamini kwamba sindano ina nguvu kuliko vidonge. Si kweli kwa malaria ya kawaida; dawa mseto ya vidonge yatosha kwa mtoto awezaye kumeza na asiye na dalili za hatari. Sindano ni ya malaria kali. Na hata hapo mambo yamebadilika. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa kama 109. Kwa artesuneti walikufa kama 85. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri artesuneti kwa watoto. Dawa hiyo huchomwa kwenye mshipa wa damu, au kwenye paja, upande wa mbele.

Paja ndilo mahali salama kwa mtoto mdogo, kwa kuwa huko mbele na nje ya paja hakuna mshipa mkubwa wa fahamu. Chanjo za watoto wachanga nazo huchomwa pajani, kwa hiyo somo hili lisimfanye mtu ye yote kuogopa kliniki ya chanjo. Tunachotakiwa ni kuuliza kwa heshima. Mama aweza kusema, "Daktari, kama sindano ni lazima, naomba umchome mtoto pajani." Mganga mwema hatachukia. Na kama mtoto ameumia, rudini pale alipochomwa mkawaambie kwa upole, ili mtoto mwingine apone.

8. MWISHO

Turudi kwa Mefiboshethi. Miaka ilipita, naye akaishi mbali huko Lodebari. Mlango wa tisa wasimulia kwamba Daudi alimtafuta, akamleta, akamketisha mezani pake daima. Miguu yake haikubadilika. Mahali pake palibadilika. Kanisa haliwezi kuotesha mshipa wa fahamu. Lakini laweza kumchotea maji mama anayenyoosha mguu wa mtoto, laweza kuchanga nauli ya Moshi, na laweza kumkumbusha katika mwezi wa tatu kwamba asitupe banzi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu yuko mtoto anayeburuta mguu? Ameonwa na mganga lini kwa mara ya mwisho?
2. Kwa nini kifundo cha mguu huweza kushikana hata kama mshipa wa fahamu unapona?
3. Mama wa mfano wetu amefika mwezi wa tatu naye amechoka. Kikundi chetu kitamsaidia kwa kazi gani, na siku gani za juma?
4. Akina baba: daftari la mtoto litaandikwa na nani?